Nimeongozwa sala ya toba mara saba, mbona bado sina hakika?

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 23, niko mwaka wa tatu chuoni hapa Morogoro. Nimekulia katika familia ya Kilutheri kule Njombe. Baba ni mzee wa kanisa, nami nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara nikiwa kidato cha kwanza. Katekisimu niliikariri yote, hata leo ukinigusa usingizini nakutajia.

Nilipofika chuo nikajiunga na ushirika wa wanafunzi. Ni watu wa maombi, wananipenda, na sitaki kuwasema vibaya. Wiki ya kwanza mhubiri aliuliza nani yuko tayari kuokoka leo. Nikanyoosha mkono, nikapita mbele, nikaongozwa sala ya toba. Nililia sana. Siku nne hivi nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza, halafu ikaisha, nikabaki mimi yule yule. Nikafikiri labda sikumaanisha. Mkutano uliofuata nikapita mbele tena. Nimehesabu, mpaka sasa ni mara saba. Kila nikirudi kukaa najikagua: safari hii nimeamini kweli, au nimetamka tu? Kadiri ninavyojikagua ndivyo ninavyoona ndani hamna kitu.

Jambo la pili ni maswali. Ninayekaa naye chumba kimoja hosteli ni Mwislamu, msichana mstaarabu kabisa, tunapika pamoja. Siku moja aliniuliza kwa upole tu, "Umejuaje kwamba Yesu alifufuka?" Nikakosa la kusema zaidi ya kwamba Biblia imesema. Swali hilo nikampelekea kiongozi wetu. Akaniambia shida yangu ni kufikiri sana, akili ndiyo adui wa wokovu wangu. Akanisomea Mithali 3:5, akanishauri niweke akili pembeni niamini tu. Nimejaribu, Mama. Sijui mtu anaizimia wapi.

Baba nilipomgusia kwenye simu alisema, "Ulishabatizwa, hayo mengine ni kelele za vijana." Akageuza mazungumzo, akauliza habari za ada.

La tatu naona aibu hata kuliandika. Kwetu kila anayetoa ushuhuda huanza na tarehe aliyookoka. Mwaka jana zamu yangu ilifika, nikataja tarehe. Niliichagua tu, ile ya mara ya tatu, kwa sababu ndiyo niliyoikumbuka vizuri. Watu wakasema amina. Sasa mwisho wa mwezi ujao kuna kambi, nimepangwa kutoa ushuhuda mbele ya wanafunzi wa vyuo vingine, na wanatarajia niitaje tena.

Swali langu ni hili. Kama imani ni zawadi ya Mungu, kwa nini nilaumiwe kwa kuwa sina? Na kama ni uamuzi wangu, mbona nimeamua mara saba na bado?

Ni mimi,
Aliyeamua Mara Saba, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Nimefundisha kipaimara kwa miaka 22, na watoto wengi waliopita mikononi mwangu wamebeba swali lako bila kupata maneno ya kulisema. Wewe umeyapata. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Nianzie kwenye jicho langu. Miaka minne iliyopita jicho la kulia lilifunikwa na mtoto wa jicho mpaka nikawa naona watu kama vivuli nyuma ya pazia. Hospitali sikutaka kwenda. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilitokana na woga. Binti yangu ndiye aliyenivuta: alikuja asubuhi bila taarifa, akanivalisha viatu, akanishika mkono. Pale hospitali nilimuuliza daktari maswali mpaka muuguzi akaanza kutazama saa. Hiyo lenzi inakaa wapi? Nikikohoa katikati itakuwaje? Umeshawafanyia wangapi? Akanijibu moja moja, bila haraka. Ikaletwa fomu ya ridhaa. Sikuweza kuisoma, binti akanisomea, nikaweka sahihi kwa mkono unaotetemeka. Kesho yake walipoondoa bandeji niliuona mwembe ulioko nje ya dirisha, jani moja moja.

Sasa niambie, niliponywa na nini? Si maswali yangu, ingawa bila majibu yale nisingekubali kulala pale. Si sahihi yangu, ingawa bila sahihi daktari asingenigusa. Aliyeniponya ni daktari. Na tangu siku ile sijarudi hospitali kuomba ile fomu niisaini upya kwa sababu mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Wewe umerudi kuisaini mara saba. Kila ukisaini unainamia sahihi yako na kuichunguza kama imekolea, na muda wote huo daktari hujamtazama.

Ndiyo maana unakuta ndani hamna kitu. Imani haina umbo lake ambalo mtu anaweza kulikagua peke yake, kama anavyokagua mfukoni kama funguo zipo. Imani ni kumwelekea mwingine. Ukigeuka kuitazama, tayari umeacha kumtazama yule uliyekuwa unamwamini, na hapo lazima uone giza.

Ulisema ukiguswa usingizini unaitaja Katekisimu. Basi nikuguse. Fundisho la tatu la Kanuni ya Imani, lile la Roho Mtakatifu, Luther alilieleza vipi alipoiandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529? Anaanza kwa kukiri kwamba kwa akili zake mwenyewe wala kwa nguvu zake hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, ila Roho Mtakatifu amemwita kwa Injili. Umewahi kuisikia ajabu ya sentensi hiyo? Mtu anasema "naamini", na jambo la kwanza analosema anaamini ni kwamba hawezi kuamini. Hicho unachokililia usiku kama ugonjwa wako wa peke yako, kwamba umejaribu kuamini ukashindwa, ndicho ulichosimama kanisani ukakiri siku ya kipaimara na nguo yako nyeupe. Paulo naye anasema hivyo kwa Waefeso: "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu."

Lakini usiishie hapo ukadhani Luther anakubaliana na kiongozi wenu. Rudi nyuma kurasa chache, kwenye fundisho la kwanza, lile la uumbaji. Pale anamshukuru Mungu kwa kumpa mwili na roho, macho, masikio, viungo vyote, na akili. Kijitabu ni kimoja na mwandishi ni mmoja. Akili ni zawadi tunayoishukuru, na akili hiyo hiyo haitufikishi kwa Kristo kwa nguvu zake. Luther huyo huyo aliposimama mbele ya Kaisari mjini Worms tarehe 18 Aprili 1521 akiamriwa akane maandishi yake, alijibu kwamba hatakana mpaka ashawishiwe kwa Maandiko au kwa hoja zilizo wazi. Mtu aliyeweka akili pembeni hasemi hivyo.

Na Mithali 3:5, mwanangu, isome polepole. "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Usizitegemee. Haikusema usizitumie. Fimbo ya mzee naitumia kupanda ngazi za kanisa, lakini sitailalia kama kitanda. Sura inayotangulia inakuhimiza uutafute ufahamu kama fedha na kama hazina iliyositirika. Mwandishi ni yule yule, kaandika kwa mwana yule yule. Aliyekusomea aya moja amekunyima ile jirani yake. Naamini hakufanya kwa ubaya; pengine aliogopa swali kwa sababu naye hakuwa na jibu.

Swali la mwenzako wa chumbani basi. Ningekuwa wewe ningefungua Injili ya Luka, mistari minne ya mwanzo. Luka anamwandikia mtu anayeitwa Theofilo, na anamwambia kwamba amejitafutia usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo, ili Theofilo "upate kujua hakika ya mambo yale uliyofundishwa." Umeona Theofilo ni nani? Ni mtu ambaye tayari amefundishwa. Ni kama wewe, ameshamaliza darasa la kipaimara, na bado anahitaji hakika. Luka hakumwambia anafikiri sana. Alikwenda kwa walioona kwa macho yao, akarudi na kitabu kizima.

Paulo vilevile. Katika 1 Wakorintho 15, barua aliyoiandika kwenye miaka ya 50, wakati ambapo miaka 25 hivi tu ilikuwa imepita tangu Yesu asulubiwe, anawataja waliomwona amefufuka: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili, ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, kisha Yakobo. Kuhusu wale mia tano anaongeza kwamba wengi wanaishi hata sasa. Kwa nini ataje kuwa wako hai? Kwa sababu msomaji wake angeweza kufunga safari akawaulize. Halafu anajiweka pabaya kwa hiari yake: kama Kristo hakufufuka, mahubiri yetu ni bure na imani yenu ni bure. Hapo hakuna anayeambiwa afumbe macho. Na mwambie rafiki yako kwamba wa kwanza kulitilia shaka jambo hili walikuwa mitume wenyewe. Wanawake walipotoka kaburini na habari, Luka anasema waliona ni upuuzi. Ukimjibu hivyo hutakuwa umemshinda, na kumshinda siyo kazi uliyopewa. Utakuwa umemheshimu kwa kulijibu alilouliza.

Sasa, akili inafika wapi? Walimu wa zamani wa kanisa walizoea kuigawa imani katika mambo matatu: kujua, kukubali na kutumaini. Kujua ni kusikia habari yenyewe ikoje. Kukubali ni kusema ndiyo, habari hii ni kweli. Kutumaini ni kujiachilia kwa yule ambaye habari inamhusu, kwamba ni wangu, na amekufa kwa ajili yangu mimi. Yakobo anasema hata mashetani wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Yale mawili ya mwanzo wanayo. Wanajua kuliko mimi na wewe, na wanakubali kwamba ni kweli. La tatu hawana. Kwa hiyo hata ukimaliza vitabu vyote vya utetezi wa ufufuo, hoja zitakufikisha mlangoni, kuingia ni jambo jingine.

Hapo wengi husema basi kuingia ni kazi ya nia, kile ambacho wanafalsafa wanakiita utashi. Kaza nia, amua! Ndivyo ulivyofundishwa, na ndipo ulipokwama. Hukukwama peke yako. Mwaka 386, katika bustani moja mjini Milano, alikwama mtu mwenye akili kuliko wengi waliowahi kuzaliwa katika bara letu: Agostino, mzaliwa wa Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Alikuwa na miaka 31. Akili yake ilikuwa imeshashawishika. Maswali yaliyomtesa miaka mingi yalikuwa yamepata majibu. Lakini hakuweza kuja. Tangu ujana wake alikuwa akiomba Mungu ampe usafi wa maisha, ila isiwe sasa hivi. Alipoandika baadaye juu ya siku ile alisema jambo ambalo nikilisoma huwa nasimama. Nafsi ikiuamuru mkono usogee, mkono unasogea mara moja. Nafsi ikijiamuru yenyewe itake, haitii. Kwa nini? Kwa sababu inaamuru nusunusu. Kama ingekuwa inataka kwa ukamilifu isingekuwa na haja ya kujiamuru. Hiyo si hali yako kweli? Mara saba umejiamuru utake.

Hakutoka pale kwa kukaza nia mara ya nane. Akiwa analia chini ya mtini alisikia sauti kama ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudia, "Twaa usome, twaa usome." Akachukua barua ya Paulo kwa Warumi, akasoma mistari miwili ya sura ya 13, na mwanga ukaingia. Pasaka ya mwaka uliofuata akabatizwa. Neno lilimfikia kutoka nje yake, na lilipofika, nia iliyokuwa imepasuka vipande viwili ikawa moja.

Baadaye aliandika sala fupi ambayo ningependa uichukue badala ya ile uliyoirudia: toa unachoamuru, kisha amuru upendacho. Sala hiyo ilimkera sana mtawa mmoja aliyekuwa Roma, jina lake Pelagio. Pelagio alikuwa mtu mwadilifu, na aliogopa kwamba Wakristo wakiomba hivyo watakuwa wavivu. Yeye alifundisha kwamba Mungu akiamuru jambo, maana yake mtu analiweza kwa uwezo aliozaliwa nao. Ubishi ukachukua miaka, na mwaka 418 maaskofu wa Afrika waliokutana Karthago wakalikataa fundisho lake. Nakueleza haya kwa sababu naona Pelagio amekukalia mabegani. Unafikiri kwamba kwa kuwa umeamriwa uamini, lazima uwezo huo uwe ndani yako mahali fulani, na kama huupati basi hukuutafuta vya kutosha.

Hapa mfano wa jicho langu unakoma. Mimi nilikuwa mgonjwa, lakini Paulo anasema tulikuwa wafu, na maiti hasaini fomu. Chukua basi habari ya Marko 3, yule mtu aliyepooza mkono ndani ya sinagogi. Yesu anamwambia, "Nyosha mkono wako." Amri ile ni kama dhihaka, maana ndilo jambo moja ambalo mtu yule hawezi. Lakini aliunyosha. Nani aliunyosha? Yeye mwenyewe, kwa nia yake, misuli ni ya kwake, hakuna aliyemvuta kama kikaragosi. Uwezo ulitoka wapi? Ndani ya neno lile lile lililomwamuru. Hivyo ndivyo ninavyoelewa nafasi ya nia katika kuamini. Nia yako ipo, inafanya kazi kweli, na Mungu hakuokoi kama anavyobeba gunia. Lakini inasimama kwa sababu imeitwa. Paulo anawaambia Wafilipi watimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na kabla hawajavuta pumzi anaongeza kwamba ni Mungu atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Hata kutaka!

Sitakuficha kwamba makanisa hayajakubaliana yote katika hili. Erasmo, mwanazuoni Mkatoliki wa Uholanzi, aliandika mwaka 1524 kutetea uhuru wa nia ya mtu, Luther akamjibu kwa ukali mwaka uliofuata. Wakatoliki katika Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1547, walisema nia huamshwa na neema kisha hushirikiana nayo. Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, naye alifundisha neema inayotangulia, inayomrudishia kila mtu uwezo wa kuitika. Mimi ni Mlutheri na naegemea kwetu. Lakini tazama wanapokutana: hakuna hata mmoja kati yao anayesema mtu huanza mwenyewe, Mungu akafuata. Sinodi ya Orange, mkutano wa maaskofu katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, ilishalisema hilo mwaka 529, na tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa neema. Aliyekuambia kwamba hujaokoka kwa kuwa hujaamua kwa nguvu ya kutosha hana kanisa linalomuunga mkono, hata lake mwenyewe likiulizwa vizuri.

Kuhusu lawama. Nimelitazama Agano Jipya kwa jicho la swali lako, na naona Yesu anawalaumu watu kwa kukataa. "Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima." Juu ya Yerusalemu alilia kwamba alitaka kuwakusanya, nao hawakutaka. Anayeokoka, sifa zote ni za Mungu. Anayepotea, kosa ni lake. Utaniuliza hayo mawili yanaungana wapi, na mimi nitakuambia Walutheri tumekataa kwa makusudi kuyaunganisha, kwa sababu kila aliyejaribu ilimbidi akate upande mmoja wa Maandiko. Sioni haya kukuachia fundo hilo. Lakini kwako wewe mambo ni mepesi zaidi. Mtu anayekataa hapiti mbele mara saba. Halii hosteli kwa kuwa hana imani. Unachokiita kukosa imani mimi nakiona ni kuvutwa, na Yesu amesema hakuna awezaye kuja kwake asipovutwa na Baba, na kwamba yeyote ajaye hatamtupa nje kamwe. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakuambiwa arudi imani ikijaa. Mtoto wake aliponywa siku hiyo hiyo.

Sasa ile tarehe. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakupenda. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilijiuliza kama sehemu ya giza lako haitoki huku. Umesema uwongo mdogo mahali patakatifu, na kila ukitaka kumtazama Kristo unakutana nao njiani. Yohana 7:17 inasema mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, atajua habari ya mafunzo. Kujua kunafuata kutenda. Siku zote hizi umekuwa ukiipa nia yako kazi isiyoiweza, ya kuzalisha imani, na hii inayoiweza ikabaki imelala.

Desturi ya kutaja tarehe tumeirithi kwa sehemu kubwa kutoka Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukafika mpaka Bukoba na kwingineko. Mama yangu aliguswa na uamsho ule, na "Tukutendereza", wimbo wao wa sifa, niliusikia kabla sijajua kusoma. Sitaudharau kamwe. Watu walirudisha ng'ombe walioiba, maadui walikumbatiana hadharani. Lakini kumbuka neno walilolipenda kuliko tarehe: kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa kusema mambo yako yalivyo, mbele ya ndugu, bila kupaka rangi. Ukiifuata roho ya wazee wale, utaisahihisha ile tarehe. Wako waliookoka saa moja wakaikumbuka hadi kufa, na wako ambao mbegu ilimea wakiwa wamelala, "asivyojua yeye", kama Yesu anavyosema katika Marko 4. Mtu wa namna ya pili haombwi abuni saa.

Usingoje kambi. Nenda kwa kiongozi wako wiki hii, faraghani, mwambie, "Tarehe niliyoitaja mwaka jana niliichagua, naomba unisamehe. Sijui nilianza kuamini lini. Bado naomba msaada, na Kristo ndiye ninayemwendea." Kama bado watataka uzungumze kambini, sema hivyo hivyo, usiongeze. Kama watakuondoa kwenye ratiba, kaa kwenye viti na wengine, uimbe. Nadhani utashangaa ni wangapi watakufuata nje baadaye kukuambia na wao walichagua.

Mbele usipite tena. Si kwamba ni dhambi, ila kwako imekuwa kidonda unachokikwangua. Nenda ibadani kulisikia Neno, maana imani chanzo chake ni kusikia, na uende kwenye meza ya Bwana. Pale hutaulizwa unajisikiaje. Utaambiwa "kwa ajili yako", utapewa mkononi, utakula. Luka uisome yote, sura moja kwa siku, ni siku 24. Kama mwenzako wa chumbani atapenda kusoma nawe na kuuliza, mkaribishe, na swali usilolijua mwambie hulijui, kisha lilete kwa mchungaji wa usharika wa karibu.

Na baba yako usimkasirikie. Yuko sahihi kwamba ubatizo wako umesimama, ila amekosea kudhani umefunga mazungumzo. Mpigie Jumapili jioni akiwa ametulia, usimuulize habari za mashaka. Muulize ni siku gani ulibatizwa, mvua ilinyesha au la, nani alikubeba, ulilia maji yalipokugusa au ulinyamaza. Cheti kitakuwa kwenye sanduku la mama, na tarehe imeandikwa. Hiyo hukuichagua wewe. Ukiipata, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia yako.